Rejeta ya alumini kwa gari kuukuu: pima kwanza, PIN baadaye

Mwenzetu mmoja hapa ofisini kazi yake ni kupokea simu za wateja waliotuma pesa mahali pasipofaa. Kila siku anawaambia jambo lile lile: soma jina, hakikisha, ndipo uweke PIN. Basi siku moja yeye mwenyewe akatuma shilingi 8,500 kwa mtu sahihi, jina sahihi, nambari sahihi, na bado akaingia hasara. Alikuwa ananunua rejeta.

Gari lake ni Toyota Corolla, ile tunayoiita 110, ya mwaka 1998, otomatiki. Lilichemka akipanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Kimende, mama yake akiwa kiti cha nyuma. Tangi la plastiki la rejeta lilikuwa limepasuka. Akatafuta kwa simu, akapata muuzaji wa mji mwingine. "Uko na rejeta ya 110?" "Iko boss, alumini, mpya kabisa." Picha ikaja, pesa zikaenda, na kesho yake mzigo ukafika kwa matatu. Fundi alipoifungua alicheka kidogo, kisha akanyamaza. Rejeta ilikuwa ya gari la gia ya mkono. Haikuwa na yale matundu mawili ya kupitishia mafuta ya giaboksi.

Muuzaji alipopigiwa simu, jibu lake lilikuwa fupi: "Ulisema ya 110, nikakutumia ya 110." Na ukweli usemwe, hakudanganya. Hakuulizwa.

Tunaanza na kisa hiki kwa sababu kinaonyesha mahali ambapo msaada wetu unaishia. Pesa zikienda kwa nambari usiyoikusudia, kuna utaratibu wa kuomba zirudishwe. Lakini zikienda kwa muuzaji uliyemchagua mwenyewe, kwa bidhaa uliyoiagiza mwenyewe, hilo si kosa la kutuma. Hatuwezi kuzichomoa kwenye akaunti yake kwa sababu rejeta imekataa kuingia. Kwa hivyo kinga yako yote iko kabla ya PIN. Hebu tuone namna ya kuijenga.

Kwanza, hakikisha mgonjwa ni rejeta

Gari kuchemka si lazima iwe rejeta. Kuna watu wamenunua mpya, wakalipa fundi, na gari likachemka tena jioni hiyo hiyo. Kabla ya kutafuta spea, angalia dalili.

Kama gari linapata joto kwenye foleni lakini linapoa ukishika barabara kuu, shuku feni. Barabarani upepo unafanya kazi ya feni. Kwenye foleni hakuna upepo. Huenda mota imekufa, fyuzi imeungua au swichi ya joto haifanyi kazi.

Kama mjini liko sawa lakini linachemka kwenye mwinuko au mwendo wa kasi, shuku rejeta iliyoziba. Hapo injini inazalisha joto jingi na maji hayapiti ya kutosha.

Kama mpira wa juu ni moto sana na wa chini ni baridi, maji hayazunguki. Inaweza kuwa themostati imekwama, na hiyo ni spea ya bei ndogo ukilinganisha na rejeta.

Kama maji yanapungua bila kuvuja popote, unaona moshi mweupe nyuma na mapovu yasiyokwisha kwenye rejeta, huenda gasketi ya hedi imeungua. Rejeta mpya haitatibu hilo.

Halafu kuna kifuniko cha rejeta, ambacho wengi hukidharau. Kazi yake ni kushikilia presha ili maji yasichemke mapema. Pwani, maji kwenye sufuria huchemka yakifika nyuzi 100. Nairobi, iliyo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, huchemka karibu nyuzi 94. Sasa fikiria themostati nyingi za Toyota huanza kufunguka nyuzi 82. Nafasi iliyobaki ni ndogo. Kifuniko cha presha ya 0.9 kikiwa kizima, kinapandisha kiwango hicho hadi zaidi ya nyuzi 110. Kikichoka, gari linachemka hata kama rejeta haina neno. Lakini usikifungue injini ikiwa moto. Ngoja ipoe kabisa; mvuke ule umeunguza watu nyuso.

"Ya alumini" ni neno lenye maana mbili

Ukiingia dukani Kirinyaga Road au Grogan jijini Nairobi, au duka lolote la spea mtaani kwako, ukasema unataka rejeta ya alumini, muuzaji anaweza kukuletea vitu viwili tofauti kabisa, na vyote vikawa "alumini".

Ya kwanza ni ile yenye moyo wa alumini na matangi ya plastiki. Moyo ni ile sehemu ya katikati yenye mirija na mapezi membamba. Matangi ya plastiki yamebanwa kwa meno ya alumini, katikati kukiwa na mpira wa kuzuia maji. Magari mengi ya Kijapani tunayoendesha yalitoka kiwandani na aina hii. Ni nyepesi na bei yake ni nafuu. Ubaya wake ni umri: plastiki ikipigwa na joto miaka na miaka inakauka, inabadilika rangi kuwa kahawia, kisha inapasuka. Gundi ya kubandika inaweza kukufikisha nyumbani, haiwezi kukufikisha Krismasi.

Ya pili ni alumini tupu, matangi na moyo pamoja, yakiwa yamechomelewa. Hapa hakuna plastiki ya kupasuka. Ikitoboka, mtu mwenye mashine ya kuchomelea alumini anaweza kuitengeneza. Bei yake iko juu. Na kwa kuwa nyingi hazijatengenezwa na kampuni ya gari lako, ndizo zinazohitaji kupimwa zaidi, maana mashimo ya boliti huenda yakapishana kidogo na ya gari.

Kwa magari ya zamani zaidi, kama Peugeot 504 au Land Rover za kale, utakuta rejeta ya shaba. Fundi wa jua kali huifungua tangi kwa moto, akapitisha chuma chembamba kwenye kila mrija kuondoa kutu, akaifunga tena kwa risasi. Kama gari lako lina hiyo na moyo wake bado ni mzima, uliza kwanza bei ya kuisafisha. Ni kweli shaba hupitisha joto vizuri kuliko alumini. Lakini mirija ya alumini hutengenezwa kwa upana zaidi, ikagusana zaidi na mapezi, ndiyo maana rejeta nzuri ya alumini haiachwi nyuma.

Kwa hivyo ukiuliza bei, uliza hivi: "Matangi ni plastiki au alumini?" Usilinganishe bei za maduka mawili kabla ya kujua jibu.

Mambo ya kupima kabla ya kuuliza bei

Jina la gari halitoshi. Corolla 110 moja ina injini ya 5A, nyingine 4E, nyingine ni ya dizeli. Moja ni otomatiki, nyingine ni gia ya mkono. Zote mtaani ni "110". Chukua tepu, kalamu na simu yako, kisha andika haya:

1. Nambari ya chesi na aina ya injini. Ziko kwenye logibuku na kwenye kibati kilicho ndani ya boneti. Muuzaji makini atazitaka yeye mwenyewe.

2. Otomatiki au gia ya mkono. Kwenye otomatiki nyingi, mafuta ya giaboksi hupita ndani ya tangi la rejeta yapoe, kupitia vijipaipu viwili. Rejeta ya gia ya mkono haina. Akikuambia fundi, "Tutaunganisha hizo paipu mbili zizunguke tu, hakuna shida", mkatalie. Mafuta ya giaboksi yasipopoa yanaungua, na bei ya giaboksi haina undugu na bei ya rejeta.

3. Urefu na upana wa moyo peke yake, bila matangi, kwa milimita.

4. Unene wa moyo. Hapa ndipo watu huponzwa na tamaa. Rejeta nene inabeba maji zaidi, lakini inasogea karibu na feni. Pima nafasi kati ya rejeta uliyonayo na feni kabla ya kununua nene kuliko hiyo. Tena unene bila upepo hausaidii. Feni dhaifu haiwezi kusukuma hewa kwenye mapezi yaliyosongamana.

5. Midomo ya mipira: iko upande gani juu na chini, na kipenyo chake. Ukipishana upande mmoja tu, mpira utajikunja na maji hayatapita.

6. Vishikio: pini za chini zinazokaa kwenye raba, na mabano ya juu. Rejeta inayoning'inia inatikisika kila shimo la barabara, na alumini haipendi kutikiswa.

7. Mashimo ya boliti za feni, tundu la swichi ya joto kama ipo, na koki ya kutolea maji.

Piga picha rejeta ya zamani mbele, nyuma na pande zote, tepu ikionekana juu yake. Picha hizo na orodha hiyo zitume kwa muuzaji kwa meseji. Tutarudi kwa meseji hiyo.

Mpya, au iliyotoka Japani?

Wengi wetu tunaamini spea ya Japani iliyotumika ni bora kuliko mpya ya bei rahisi. Mara nyingine ni kweli. Lakini kumbuka, plastiki inazeeka hata ikiwa Japani. Ukiishika, bonyeza mapezi taratibu kwa kidole. Yakivunjika kama makombo ya mkate, achana nayo. Angalia mahali tangi linapokutana na moyo: alama za maji yaliyokauka, nyeupe au kijani, ni dalili ya kuvuja. Chungulia ndani kwa tochi ya simu. Ukiona utando wa mafuta, gari ililotoka lilikuwa na shida kubwa.

Iwe mpya au ya zamani, omba ipimwe kwa maji mbele yako. Midomo yote inazibwa, rejeta inatumbukizwa kwenye karai, na hewa kidogo inaingizwa, isizidi presha ya kifuniko chake. Mapovu yakitoka, umeokoa pesa zako. Duka linalokataa kipimo cha dakika tano limeshakujibu.

Sasa tuje kwa pesa

Piga hesabu yote kabla ya kuanza. Rejeta haiji peke yake. Kuna kulanti, kifuniko kipya, pengine mipira miwili na klipu zake, themostati, na ufundi. Watu wengi hutumia salio lote kwa rejeta, kisha wanaweka maji ya mfereji "kwa sasa". Tutaona hapo chini hiyo "kwa sasa" inagharimu nini. Na tafadhali, usichukue mkopo wa simu kwa haraka kununua rejeta ambayo hujaipima. Ada ya mkopo inaanza leo. Gari linaweza kungoja hadi Jumamosi.

Ukinunua dukani, lipa ukiwa na rejeta mkononi, baada ya kuiweka kando ya ile ya zamani na kuzilinganisha. Lipa kwa nambari ya Till au Paybill ya duka, wala si kwa nambari ya kijana aliyekupokea mlangoni. Jina likitokea kwenye simu, lisome. Kama ubao wa duka unasema kitu kimoja na simu inasema kingine, uliza kabla ya PIN. Huenda kuna sababu njema, kwa mfano duka limesajiliwa kwa jina la mwenyewe. Lakini uliza.

Ukinunua kutoka mbali, mambo ni haya:

Maelewano yote yawe kwa maandishi. Piga simu ukitaka, lakini ukimaliza andika meseji: "Tumekubaliana rejeta ya Corolla 110, injini 5A, otomatiki, matangi ya plastiki, vipimo ni hivi. Isipotoshea nairudisha ndani ya siku tatu kabla haijatiwa maji, nirudishiwe pesa." Subiri ajibu "sawa". Neno hilo moja ndilo mwenzetu hakuwa nalo.

Omba picha mpya, zenye kipimo cha tepu na karatasi iliyoandikwa tarehe ya leo. Picha ya kwenye katalogi si ya rejeta utakayoletewa.

Kama una ndugu au rafiki katika mji huo, mtume aione na alipe akiwa pale. Ukilazimika kutoa malipo ya kwanza, yawe madogo, kiasi ambacho kikipotea hakitakuangusha, na salio ulilipe mzigo ukifika na kuonekana. Muuzaji naye ana haki ya kuogopa kutuma mzigo bure, kwa hivyo zungumzeni kama watu wazima.

Ukiharakishwa, simama. "Kuna mteja mwingine anatuma sasa hivi" ni maneno ya soko tangu zamani. Atume. Rejeta za gari lako hazijaisha Kenya nzima.

Na usiufute ujumbe wa malipo. Una kodi ya muamala, jina, kiasi, tarehe na saa. Dukani, mwombe muuzaji aandike kodi hiyo kwenye risiti pamoja na maelezo ya rejeta. Ujumbe wetu unathibitisha kwamba ulilipa. Risiti inathibitisha ulilipia nini. Kimoja bila kingine ni nusu ya ushahidi.

Ikikataa kutoshea

Usiilazimishe. Usipanue mashimo wala kukunja mabano. Ukishaitoboa au kuitia maji, muuzaji ana sababu ya kukataa kuipokea. Piga picha, mwandikie siku hiyo hiyo, na umkumbushe mliyokubaliana.

Sheria iko upande wa mnunuzi aliyeeleza anachotaka. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inataka bidhaa ilingane na maelezo iliyouzwa kwayo, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakukinga dhidi ya muuzaji anayekudanganya kuhusu anachouza. Mzozo ukishindikana, kuna Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na huhitaji wakili. Lakini hata huko utaulizwa: uliagiza nini hasa? Hapo ndipo ile meseji yenye vipimo inageuka kuwa shahidi wako.

Usiiue ukiwa umeshailipia

Alumini haiozi kama chuma, lakini ina adui wake: maji yenye chumvi. Maji ya kisima katika sehemu nyingi za nchi yana chumvi, na ya mfereji yametiwa klorini. Yakikaa kwenye rejeta bila dawa ya kuzuia kutu, yanakula mirija kutoka ndani hadi itoboke. Mwambie fundi asafishe injini kwanza. Kutu iliyobaki ndani itakwenda moja kwa moja kuziba rejeta mpya. Kisha weka kulanti, nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa, yale ya kuongezea betri. Si asidi ya betri, angalia chupa vizuri. Rangi ya kulanti haikuambii ubora wake, kwa hivyo soma kibandiko. Epuka unga wa kuziba matundu. Hauchagui tundu, unaziba na mirija.

Fundi akimaliza, injini ingurume kifuniko kikiwa wazi tangu ikiwa baridi, hita ikiwa imewashwa, hadi hewa yote itoke. Na kama rejeta zako hutoboka kila mara bila sababu, mwambie fundi wa umeme aweke mita: waya mweusi kwenye hasi ya betri, mwekundu uguse kulanti bila kugusa chuma. Ikisoma zaidi ya volti 0.3, kuna umeme unaotafuta njia kupitia maji, mara nyingi kwa sababu waya wa ethi umelegea. Hapo hata rejeta ya dhahabu haitadumu.

Mwenzetu aliuza ile rejeta kwa shilingi 6,000 kwa jamaa mwenye 110 ya gia ya mkono, aliyefurahi sana. Hasara ya shilingi 2,500, bila kuhesabu siku nne za matatu na mama aliyekataa kupanda lile gari hadi Pasaka. Ya pili aliinunua dukani, ya zamani ikiwa kwapani, tepu mfukoni. Alipima, akailinganisha, ikatumbukizwa majini, akasoma jina kwenye simu, ndipo akaweka PIN.

Siku hizi mteja akipiga simu kuhusu bidhaa isiyotoshea, bado anamsikiliza kwa upole na kumweleza tunachoweza na tusichoweza. Lakini kabla hajakata simu, ana swali moja jipya: "Ulimwandikia vipimo?"